Mugeni wa Ndani ya Soksi

Kaye, daftari ya zamani, ilikuwa inanuka kolle, ile gundi ya viatu, na miye machozi ikanitoka mbele ya client. Aibu gani! Mama muzima, mwenye secrétariat yake, kanyumba ka kuandikishia watu karatasi, ku Nyakasanza hapa Bunia, mwenye kupigia watu kelele siku yote juu ya flash zao, analia juu ya arufu ya kolle. Kijana mwenye alileta ile kaye alifikiri niko na homa. Akaniuliza, "Mama, nirudie kesho?" Nikamuambia hapana, kaa, ni vumbi ya imprimante tu, ya machine ya kuchapa.

Alikuja kuandikisha communiqué ya kilio, ile yenye wanapelekaka ku radio: fulani ametutoka, kilio iko kwa parcelle yake, pale nyumbani, maziko siku fulani. Kwao karatasi ilikosekana, basi wakachukua kaye moja ya muzee mwenyewe, ile nene ya gamba jeusi, wakaandika kifo yake ku ukurasa wa nyuma. Nikasoma jina: Papa Ngabu. Shefu wa avenue, wa mutaa wetu wa zamani, kule Ngezi, fundi wa viatu. Vidole vyangu vinaandikaka bila miye kuangalia herufi za clavier, hiyo njo sifa yangu moja mu dunia hii, lakini ile jina niliikosea mara tatu.

Nyinyi wa umri wangu, wenye mulikuwa watoto wakati kompyuta zilianza kufika ku masomo, mu shule za Bunia, kama bibi harusi, kila mutu anataka kumugusa nguo, nyinyi mutanielewa. Wengine munisamehe. Miye sina diplome. Niliachia mu quatrième secondaire: hesabu ilinikimbia, na miye sikuifuata. Lakini kidogo yenye niko nayo leo, kazi, mulango wangu, watu kuniita "Madame Secrétariat", yote ilitoka mu soksi moja yenye tundu. Sichekeshi. Ngoja.

Siye hatukukuwa watu wa Ngezi. Tulitoka upande wa Djugu, mama na watoto wane na godoro moja, wakati ule watu walikuwa wanatoka juu ya vita. Tulifikia kwa mama mudogo. Siku ya kwanza, mbele ya kula, mbele hata ya kunawa miguu, mama alitupanga mustari akatupeleka kwa shefu wa avenue. Njo desturi: mugeni akifika, anajionyesha, asikutwe amelala mu nyumba ya watu kama panya.

Papa Ngabu alikuwa na meza mbele ya nyumba yake, viatu vya watu vimelala juu yake midomo wazi, na kopo ya kolle katikati. Alifuta mikono ku suruali, akatoa kaye mu sachet ya plastiki, akauliza. Jina? Munatoka wapi? Mwenyeji wenu ni nani? Mama alikuwa anajibu pole pole. Alikuwa anangoja ulizo moja, na ile ulizo haikukuja. Miye nilifikiri muzee amesahau. Nilikuwa karibu nimukumbushe, "Papa, haujauliza kabila," maana kule njiani kila mutu alikuwa anauliza ile ya kwanza. Mungu alinifunga mudomo. Ni mara moja tu mu maisha yangu alifanya hivyo.

Papa Ngabu akaandika, "Mama fulani na watoto wane." Kisha akatoa cachet, muhuri yake, akaipulizia pumzi ya moto, haaa, kama mutu anayefuta miwani, akapiga. Pa! Akamupa mama kakaratasi. Kutoka siku ile, mutu akituuliza, "Nyinyi ni wa wapi?", mama alikuwa anafungua kitambaa yake, anatoa kakaratasi, na mutu anatuacha tupite. Mu kichwa changu ya mutoto nilielewa hivi: cachet njo inamufanya mutu akuwe mutu. Mbele ya pa! hatukukuwa. Nyuma ya pa! tukakuwa. Hata kama mu kaye tulikuwa tu "watoto wane", bila jina, kama viazi.

Miaka mbili ikapita, kompyuta zikafika.

Zilikuwa kumi, kubwa, na matako nyuma kama televizyo za zamani, wazungu walikuwa wamezichoka. Wakaziweka mu chumba chenye tulikuwa tunachungia maharagi ya cantine. Wakapaka rangi, wakaweka nondo ku dirisha, lakini arufu ya maharagi haikuhama. Machine zikipata moto, vumbi yao na ile maharagi ya zamani zilichanganyika, na mupaka leo, mutu akiniletea machine ya zamani nikaiwasha, miye ninaona njaa.

Mulangoni tulikuwa tunavua viatu. Yule mwenye soksi alibaki na soksi, yule hana, miguu wazi. Miye nilikuwa na soksi, sikatai, lakini ya kuume ilikuwa na tundu, na kidole kikubwa ilikuwa inatoka kusalimia watu.

Chumba ilikuwa mu mikono ya Madame Espérance, siye tulimuita Madame Espé. Mwembamba, sauti ndogo, lakini akikuangalia unakumbuka zambi zako zote kwa mupango. Juu ya mulango alipiga musumari règlement, sheria za chumba, point kumi na moja, yenye ilitoka kwa wakubwa wa masomo. Nyingi zilikuwa za kawaida: usilete maji, usilete miwa, usipige clavier kama ngoma. Lakini ile ya tano na ya sita Madame alikuwa anatusomesha kila wiki, siye tunaimba nyuma yake kama ku misa. Ya tano: hakuna mutu anaweka programme ku machine, hata ndogo, mupaka aandike demande, barua ya kuomba, mwalimu aweke signature, Directeur aweke signature, kisha Monsieur wa machine, fundi wa kompyuta, atoke ku bureau ya wakubwa, aijaribu kwanza, aiandike mu registre. Ya sita: mwenye kuleta flash mu masomo bila ruhusa, anatoka mu chumba ya kompyuta mwaka muzima.

Ile sheria haikutoka hewani. Machine ya namba tatu ilikuwa tayari imekufa. Nani aliiua? Directeur wetu mwenyewe. Alileta flash yake kutoka cyber, anataka kuweka picha za maua ziwe zinapita-pita juu ya écran, kioo ya machine. Maua yalipita siku moja. Siku ya pili machine ikaanza kutembea kama muzee amekula sana, siku ya tatu ikazima. Nani atamufukuza? Directeur ni Directeur. Walifunika namba tatu na kitenge, kama maiti.

Sasa, miye mu ile chumba nilikuwa natafuta nini? Nitasema ukweli. Mu kalasi nilikuwa wa mwisho juu ya mukono wangu. Maandishi yangu ilikuwa mubaya mupaka mwalimu wa sixième, kalasi ya sita, alikuwa anainua kaye yangu juu, anauliza kalasi, "Hii ni nani alikanyaga wino, ni kuku ao ni bata?" Kalasi inajibu, "Bata!" Na miye ninacheka pamoja nao, juu ukicheka wa kwanza, inauma kidogo. Lakini siku ya kwanza mbele ya machine, Madame alituambia tuandike majina yetu. Nikatafuta herufi moja moja, na kidole moja, dakika kumi. Na jina yangu ikatokea pale. Nzuri! Yenye kunyooka! Sawa sawa na ya mutoto wa kwanza wa kalasi. Nilibaki naiangalia mupaka Madame akanigonga bega. "Weye, unaona nini pale?" Sikujua kumujibu. Niliona miye.

Hivyo mu dunia yote mahali pamoja tu sikukuwa mupumbavu, na mahali pale palikuwa na point ya sita juu ya mulango.

Shida yangu ilikuwa moja: nilikuwa muzito. Kidole moja kama kuku inayookota muchele. Njo siku moja kaka Dieume, mutoto wa mama mudogo, alirudi na camion ya samaki kutoka Arua, kule Uganda. Akaniletea zawadi: flash, ndogo kama kidole, kijani.

"Ndani yake kuna programme," akasema. "Herufi zinaanguka kutoka juu kama mvua, weye unazipiga mbele hazijagusa chini. Wiki mbili tu, unaandika kama secrétaire wa gouverneur."

"Lakini kaka, ku masomo kuna règlement."

"Règlement ni ya watu wenye hawajui. Unachomeka, unafinya mara tatu, basi. Nani atakuona?"

Kesho yake nikavaa soksi, flash ikaingia mu soksi ya kuume. Akili ya bata ile! Soksi zote zilikuwa mbili, na miye nikachagua ile ya tundu. Tulipovua viatu, nilitembea kama mutu wa kidonda ku muguu, kidole kikubwa kimekunjwa, nikifinya ile flash isitoke kichwa. Nikakaa ku machine namba saba. Tundu ya kuchomekea ilikuwa mbele, pale pale karibu na goti yangu. Mara tatu tu. Moyo unapiga mupaka nikafikiri clavier inasikia.

Na pale pale Madame Espé akasimama mbele yetu. Mupaka leo sijui kama aliniona. Alisema hivi:

"Watoto, muniambie. Mugeni akifika mu avenue yenu, hamumujue, analala mu nyumba bila kujionyesha kwa shefu. Mutafanya nini?"

"Tutapiga filimbi, Madame!"

"Njo hivyo. Programme ni mugeni. Pengine ni mutu muzuri. Pengine ni mwizi. Lazima ajionyeshe kwanza, aandikwe, ajulikane alitoka wapi. Njo point ya tano. Mumesikia?"

"Tumesikia, Madame!"

Wenzangu walisikia mufano. Miye nilisikia anwani.

Nilifurahi, munajua! Moyo ukatulia palepale. Kumbe ni hiyo tu? Hiyo naijua! Nilishafanyiwa! Sikugusa tundu ya machine. Nilipotoka masomo, nikapita nyumbani bila kusimama, moja kwa moja mupaka ku meza ya viatu.

"Hodi, Papa Shefu."

"Karibu, mutoto wa wane." Alituitaka vile, siye wote. "Umeleta kiatu?"

"Hapana. Nimeleta mugeni. Aandikwe."

Papa Ngabu akaangalia nyuma yangu. Hakukukuwa mutu. Kulikuwa tu kuku moja.

"Huyu?"

"Hapana, Papa Shefu. Huyo ni kuku yenu."

Nikakaa chini, nikavua kiatu, nikavua soksi, nikaweka flash juu ya meza katikati ya viatu. Mama Shefu, mwenye alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, akaacha muchi hewani.

"Yesu," akasema, "mugeni anatoka mu soksi."

Papa Ngabu hakucheka. Ile njo sitasahau. Alivaa miwani, akageuza flash huku na huku na bisu yake ya kukatia ngozi, kisha akafuta mikono ku suruali, akatoa kaye.

"Jina?"

"Programme ya vidole."

"Jina ya baba?"

"Haijulikane."

"Anatoka wapi?"

"Arua. Alipita Aru, alipita Mahagi. Alikuja na kaka Dieume, ku camion ya samaki."

"Arufu yake inashuhudia." Akaandika. "Anakula nini?"

"Courant, ile ya umeme."

"Masikini. Atakufa njaa hapa Bunia." Mama Shefu akaenda nyuma ya nyumba. Nilimusikia anakohoa sana, nikafikiri ni moshi. "Kazi yake?"

"Anafundisha watu kuandika upesi, na vidole vyote."

"Analeta kelele?"

"Sijui, Papa Shefu. Naona kidogo."

"Kabila..." Niliona bic, kalamu yake, inasimama. Akatikisa kichwa, kama mutu anayefukuza inzi. "Hiyo siandikake. Mwenyeji wake ni nani?"

"Mwenyeji?"

"Mwenye kumupokea. Mugeni akiiba kuku, hatumufuate mugeni, huyo ameshakimbia. Tunamufuata mwenyeji. Njo atajibu."

Nilifikiria Madame. Nilifikiria kaka Dieume. Nikaona wote wawili hawatakubali.

"Ni miye."

Aliinua kichwa, akaniangalia juu ya miwani, mutoto wa miaka kumi na mbili, mwenye kiatu moja.

"Weye? Utajibu?"

"Nitajibu, Papa Shefu."

Akaandika muda murefu. Akaandika tena ile ile ku kakaratasi. Akapulizia cachet, haaa, akapiga. Pa! Akakunja karatasi mara ine, akanipa pamoja na flash.

"Sikia sasa. Miye ninaandika tu. Kufungua mulango ni kazi ya mwenye nyumba. Kesho, mbele mugeni hajavuka mulango, mupe Madame karatasi na mugeni pamoja. Mu mukono, si mu soksi. Na umuambie hivi: kwetu huku, mugeni analala sebuleni kwanza, mahali watu wote wanamuona. Chumba ya watoto ni kisha."

Kesho yake, mulangoni, mbele ya kalasi nzima yenye kuvua viatu, nikanyoosha mikono miwili. "Madame, huyu ni mugeni. Shefu wa avenue ameshamuandika."

Watoto wa sixième walicheka mupaka moja akaanguka juu ya viatu vya wenzake. Kuna wengine wakinikuta leo ku soko bado wananiuliza, "Wageni wako wazima?" Lakini Madame Espé alisoma karatasi yote, pole pole. Mudomo wake ukaanza kutetemeka. Akageuka, akaenda nyuma ya ukuta. Nikajua basi, imekwisha, nimemuliza mwalimu.

Na kelele ile ikamuleta Directeur.

"Flash ilifika mu masomo?"

"Ndiyo, Directeur."

"Ndani ya nini?"

"Leo ndani ya mukono, Directeur. Jana ndani ya soksi."

"Jana pia!" Akageukia règlement ku mulango, akaweka kidole. "Point ya sita. Mwaka muzima. Vaa viatu."

Mulikwisha kuvaa viatu wakati wenzenu wanavua? Viatu vinakuwa vidogo. Nilikuwa nimeinama, sioni kamba juu ya machozi, ninajiuliza jina yangu itakuwa nzuri tena wapi. Na mama nitamuambia nini, yeye mwenye alikuwa anasimulia majirani wote ya kwamba mutoto wake anafanya kazi ya machine?

Madame akarudi. Macho mekundu kweli. Leo nikiwa mukubwa najua alikuwa anacheka kule nyuma ya ukuta, na kwamba Mama Shefu pia hakukukuwa na kikohozi. Lakini sauti yake ilikuwa imenyooka.

"Directeur, samahani. Tangu hizi machine zifike, ni nani mu masomo hii ameomba ruhusa?"

Directeur akatoa kidole ku règlement.

"Huyu mutoto angechomeka jana. Hatungejua. Alienda kuomba. Aliomba mahali mubaya, lakini aliomba. Mbele yake, hakuna mwingine." Aliangalia tu kule mu kona, kwa namba tatu, ndani ya kitenge yake.

Nawaambia, hata maharagi iliacha kunuka. Directeur aliangalia kitenge, aliangalia viatu vyangu. Akaomba karatasi, akaisoma na yeye, akafika mahali fulani akarudia kusoma. Kisha akakohoa. Siku zile watu wote walikuwa na kikohozi.

"Madame, muandikie demande. Hii karatasi ya shefu ifungwe nyuma yake. Flash ikae mu armoire, mu kabati ya masomo, mupaka Monsieur wa machine afike." Na miye: "Weye. Vua viatu."

Monsieur wa machine alikuwa anafika kama mvua ya janvier, unaitafuta juu, haiko. Wiki zikapita. Ku machine nilikuwa na nusu saa mara moja kwa wiki, kama kila mutoto. Njo Madame Espé akafanya kitu chenye hakikukuwa mu règlement. Alichukua carton yenye machine namba tatu ilifikia ndani, akakata kipande, akachora juu yake clavier nzima, na bic mbili, nyeusi kwa herufi, nyekundu kwa kuonyesha kidole gani kinaenda wapi. "Hii haina lazima ya signature," akaniambia. "Hakuna kitu kinaweza kuingia ndani."

Nilipiga ile carton nikichunga sufuria ya maharagi, nilipiga nikingoja maji ku bomba, nilipiga ku misa juu ya magoti, mama akinifinya. Niliandika barua nzima zenye mutu hakuziona. Carton haina kukucheka. Herufi haitokee mubaya, juu haitokee kabisa. Ile E ilifutika, nikaijua bila kuiona.

Siku Monsieur alipofika, Madame alimupa flash na kumuambia maneno ya shefu yenye nilimufikishia, yule mugeni alale sebuleni kwanza. Monsieur akacheka, akasema lakini ni kweli, njo kazi. Akafungua machine yake ndogo, ile ya kujaribia, yenye haikuunganishwa na zingine. Siye wote tulisimama nyuma yake. Ikapita dakika moja, akapiga muluzi.

"Ee Madame! Programme ya vidole iko, ndiyo. Lakini nyuma yake kuna virus saba wamejificha. Mungechomeka hii, machine zote zenu zingelala pamoja na ile ya kitenge."

Kalasi yote ikanigeukia. Saba! Miye mwenyeji wa wezi saba!

Akafuta flash yote. Hakukubakia kitu, wala vidole, wala mvua ya herufi. Nilikuwa nataka kuingia mu udongo. Lakini Madame akasema, "Monsieur, mbele haujaenda, angalia huyu." Akanikalisha ku namba saba, akafunika mikono yangu na kitambaa yake, akaanza kusoma dictée, maneno ya kuandika. Na miye nikaandika. Vidole vyote. Nilisikia zile plastiki zinashuka, tofauti na carton, laini, kama mutu amekupa ngazi wakati ulikuwa unaruka ukuta. Nilipoinua macho, mustari ine ilikuwa pale, yenye kunyooka, makosa mawili.

"Programme gani ilikufundisha?" Monsieur akauliza.

"Carton, Monsieur."

Mangaribi nikaenda kwa Papa Ngabu. Nilisema nitajibu, basi nimekuja kujibu. "Papa Shefu, yule mugeni alikuwa mwizi. Walikuwa saba."

"Waliiba nini?"

"Hawakuiba. Walilala sebuleni, wakaonekana."

"Basi mwenyeji alifanya kazi yake," akasema. Akatoa kaye, akaandika kitu kidogo, akaifunga mu plastiki. "Sasa nipe ile soksi."

Akaishona tundu, na uzi mweusi wa viatu. Ilikuwa ngumu kama musumari, ilinichubua kidole mwaka muzima. Sikuivua.

Njo maana ku secrétariat yangu kuna machine moja ya zamani karibu na mulango. Haina kazi ingine. Flash ya client yeyote, padri, mwalimu, hata mwenye bunduki, inapitia pale kwanza. Watu wanalalamika. Kijana wa leo pia alilalamika: alikuwa na picha ya muzee mu flash, ya kuweka ku faire-part, kadi ya kilio, na haraka ya kilio.

"Mama, hii ni picha ya babu tu!"

"Hata babu apitie sebuleni," nikamuambia. "Ni yeye alinifundisha."

Machine ilipokuwa inatafuta-tafuta mu ile flash, miye nikafungua kaye kutoka mbele. Nilijua natafuta nini. Ile karatasi ya zamani sikuisoma hata mara moja, munielewe: nilikuwa naangalia cachet tu, kisha Madame aliichukua, ikabaki mu armoire ya masomo. Nikapita kwanza mahali tulipofika. Iko: "Mama," jina yake, "na watoto wane." Nikafunua kurasa, maandishi yake madogo kama nyayo za mududu, mupaka nikaona.

Mugeni: programme ya vidole. Anatoka: Arua. Kisha, mwenyeji. Na pale aliandika jina yangu. Yote, ile ya ubatizo na ile ya babu yangu, bila kosa, na miye sikumuambia hata moja. Alikuwa amejua. Na nyuma ya jina, maneno matatu: "wa avenue hii."

Chini yake, na bic ingine: "Ameondoka. Mwenyeji alijibu."

Nilikuwa nimebeba ile karatasi siku moja nzima, nikifikiri nimebeba ruhusa ya flash.

Nikafuta macho. Nikaandika communiqué muzuri, jina yake bila kuikosea. Picha ikapita, haikukuwa na virus hata moja. Nikatoa karatasi ku imprimante, nikafungua tiroir ya meza, nikatoa cachet yangu.

"Mama, communiqué ya kilio inaomba cachet?" kijana akauliza.

"Hii inaomba."

Nikapulizia, haaa. Nikapiga.